Kwenu mnaoanza kuchuma stroberi msimu huu

Jana jioni kwenye jiko la pamoja nilimwona kijana akisonga sima kwa mkono wa kushoto. Mwiko ulikuwa ukimponyoka, unga umeganda pembeni mwa sufuria, na mkono wa kulia ameuficha ndani ya sweta kana kwamba anasikia baridi. Ni mwezi Juni, na jiko lilikuwa linafuka moto wa masufuria manane. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, mkono una nini?" Akajibu upesi, "Hauna kitu, kaka." Nikamwacha. Jibu hilo niliwahi kulitoa mimi mwenyewe, kwa sauti ile ile, na najua swali la pili mbele za watu halilivunji.

Huu ni msimu wangu wa tatu hapa Herefordshire, Uingereza. Nilikuja mara ya kwanza mwaka 2022, na viza ile ile ya miezi 6 mliyo nayo nyinyi, unga kilo nne kwenye begi, na deni. Sasa naongoza kikosi. Tangu mshuke kwenye basi wiki tatu zilizopita, nimewatazama mkirudia makosa yetu moja baada ya jingine, kama mliyoachiwa urithi. Basi nayaandika. Mambo ya tagi, trei na troli mnayajua, siyarudii.

1. Makaratasi. Wakala akikudai pesa "ya kukutafutia kazi", sheria ya Uingereza inamkataza, usimpe. Peislipu isome kila Ijumaa: saa, kilo, makato ya karavani, kodi. Kilo zako zisipofika tageti (kiwango cha kilo unachotakiwa kuchuma), mwajiri bado anatakiwa akujazie hadi kima cha chini kwa kila saa uliyofanya kazi (mwaka 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa mwenye miaka 21 na kuendelea), na tangu 2023 wenye viza hii wanahakikishiwa walau saa 32 kwa wiki. Ukiondoka dai P45 yako, karatasi ya mwajiri inayoonyesha ulicholipwa na kodi uliyokatwa. Msimu uliopita kulikuwa na dada mmoja aliyekuwa na peislipu saba kwenye bahasha, hajafungua hata moja. Alisema atazisoma akifika nyumbani. Jamani, akifika nyumbani atamuuliza nani? Tulikaa kitandani kwake tukazifungua zote, tukakuta siku mbili nzima za kupogoa majani hazikuingizwa. Zililipwa Ijumaa iliyofuata, kwa sababu aliuliza akiwa bado yupo.

2. Maji na chakula. Chai kavu si kifungua kinywa. Beba lita mbili za maji na unywe kabla kiu haijakushika, kwa maana ndani ya taneli za plastiki joto hulipita la nje. Msidanganyike na hadithi za nchi ya baridi. Tarehe 19 Julai 2022, kule Coningsby, Lincolnshire, walipima nyuzi 40.3, joto ambalo halijawahi kupimwa Uingereza kabla ya hapo. Siku ile tulianza kuchuma saa tisa usiku, taa zimefungwa vichwani, na saa nne asubuhi tukaondolewa mistarini. Mimi mtu wa Kilifi, niliyekulia juani, nilitapika nyuma ya choo cha shamba kwa kuwa nilibeba kichupa cha nusu lita nikijiambia jua hili nalijua.

3. Kasi. Hapa ndipo ninapowaomba mnisikilize.

Jumatatu yenu ya kwanza mlikimbia. Wanne wenu mlianzisha mashindano ya kimyakimya. Kila mkifika mwisho wa mstari mnachungulia troli ya mwenzenu. Jioni orodha ya kilo ilipobandikwa ubaoni mkapiga picha. Najua ilikwenda wapi ile picha, kwa sababu na mimi ya kwangu niliituma Kilifi, jina langu likiwa la kwanza kati ya Wakenya wote, na mama akaionyesha mtaa mzima.

Siku zile kulikuwa na mama mmoja kutoka Kyrgyzstan, amevuka hamsini, mstari wake ukipakana na wangu. Saa ya kwanza nilimwacha mbali. Saa ya tatu alikuwa sambamba nami. Ikifika saa saba mchana yeye alikuwa amekwisha nipita na wala hatoki jasho. Ilinichukua mwezi kufikiri kumtazama mikono. Mashina yale, mmeyaona, yamo kwenye mifuko ya makumbi ya nazi, juu ya mifereji iliyoinuliwa hadi usawa wa kifua, na matunda yananing'inia pembeni. Yule mama hakuwa akishika tunda. Alipitisha kikonyo kati ya kidole cha shahada na cha kati, akakibana kwa gumba, akageuza mkono kidogo tu, na kikonyo kikakatika. Tunda lilishuka kwenye panneti, kile kikasha kidogo cha kuuzia, na kijani chake kichwani, nyama yake haijaguswa. Panneti hii alichuma kwa mkono wa kulia, ijayo kwa wa kushoto. Mwisho wa kila mstari alisimama, akakunjua vidole vyote kumi, akavikung'uta kama mtu anayekausha maji, ndipo akaendelea.

Mimi nilikuwa nikivuta. Nashika tunda, navuta, kifundo cha mkono kinapinda. Pigeni hesabu wenyewe. Tunda moja likiwa na gramu 20, kilo 25 kwa saa, saa 8: hayo ni matunda 10,000 kwa siku. Mkono wa kulia ukichukua zaidi ya nusu, na wangu ulichukua karibu yote, mnaona umepinda mara ngapi kabla ya Ijumaa.

Wiki ya tatu maumivu yakaanza, chini ya kidole gumba, yakipanda na mkono. Kwanza yalikuja usiku tu. Kisha asubuhi nikawa sifungi vifungo vya shati. Nikachana ukingo wa kikoi changu, nikaufunga kifundoni kwa nguvu, nikashusha mkono wa sweta juu yake. Nilikuwa nameza dawa za maumivu kabla ya basi, saa ya mapumziko na kabla ya kulala. Duka la hapa halikuuzii zaidi ya paketi mbili za paracetamol kwa mara moja, kwa hiyo nilimtuma mwenzangu wa karavani naye aninunulie mbili, nikamwambia ni za kichwa. Supavaiza wetu, mwanamke wa Kibulgaria mwenye macho makali, aliniuliza mara tatu kwa siku tatu tofauti kama niko sawa. Mara tatu nilimwambia niko sawa.

Kwa nini? Nimejiuliza sana. Deni lilikuwa la chama na la mjomba, na mjomba alikuwa akipiga simu kila Jumapili. Nilidhani anayeumwa anarudishwa nyumbani kesho yake. Lakini nisiwafiche, lilikuwepo na lile jina ubaoni. Sikutaka lishuke.

Likashuka hata hivyo. Nilipohamia mkono wa kushoto bila kuuzoesha, nikawa naminya matunda. Trei zangu zikaanza kurudishwa, na kila iliyorudishwa ilikuwa doa kwa kikosi kizima, watu ambao hawakujua kwa nini wanasemwa. Kuna kaka wa Meru aliyekuwa akichuma mkabala nami. Yeye ndiye aliyelaumiwa kwa trei mbili ambazo nadhani hadi leo zilikuwa zangu. Nilisikia akilaumiwa. Nikainama kwenye mashina nikaendelea kuchuma. Kati ya yote niliyoyafanya msimu ule, hilo ndilo linaloniuma. Nilimwomba radhi miezi baadaye kwa simu, akanisamehe, lakini siku aliyohitaji neno langu sikulitoa.

Asubuhi moja nilishindwa kuzungusha ufunguo wa mlango wa karavani. Mwenzangu akaufungua bila kusema kitu. Saa mbili baadaye, nikiwa nainua trei yenye panneti kumi, mkono uliachia wenyewe, kama si wangu. Kilo nne za stroberi zikamwagika kwenye majani. Supavaiza akaja, hakutazama matunda. Akapandisha sweta yangu, akafungua kile kipande cha kikoi taratibu, mzunguko baada ya mzunguko, na chini yake ngozi ilikuwa imevimba, ina alama nyeusi ya kitambaa. Akauliza, "Tangu lini?" Nikasema tangu leo asubuhi. Hata pale, mkono uko wazi mbele yake, nilidanganya.

Alikasirika hadi macho yakamlowa. Akaniambia ningesema wiki ya kwanza angenihamishia pakihausi, kule matunda yanakopakiwa, kwa siku chache, au kung'oa vikonyo na majani, kazi ambayo ina saa zile zile na haihitaji gumba. Nafasi ilikuwepo. Wiki ile ile alikuwa amewahamisha watu wawili waliosema.

Daktari wa mjini alibonyeza mara moja tu nikaruka. Kano za gumba zilikuwa zimevimba ndani ya ala zake. Akanipa bamba la kufunga mkono na kunikataza kuchuma. Nilikaa karavani siku 19. Malipo ya ugonjwa ya kisheria mwaka ule yalikuwa pauni 99.35 kwa wiki, na siku tatu za kwanza hazikulipwa. Kwenye kitabu cha ajali hakukuwa na mstari hata mmoja wa jina langu, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema maumivu yale yalianza lini na kwa kazi ipi. Mchana kambi nzima iko mashambani, mimi niko dirishani nikisikiliza matrekta. Mjomba alipopiga simu Jumapili nilimwambia mvua imesimamisha kazi. Niliporudi nilipewa nusu ya saa, na deni nilikuja kulimaliza Machi ya mwaka uliofuata. Gumba hili hadi leo likipigwa na baridi linakwama, nalinyoosha kwa mkono mwingine.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni, tuliambiwa tangu watoto. Mimi nilidhani wanasemwa wengine.

Basi wiki mbili hizi zijazo chumeni polepole, mjifunze kikonyo. Ukiwa chini ya tageti mwambie supavaiza akuoneshe mkono, wengi wao walichuma miaka kumi kabla ya kushika redio. Mkichuma kwa mikono miwili kuanzia sasa, kilo zitapanda bila kuzikimbiza.

4. Ukiumia, hata mchubuko, andikisha kwenye kitabu cha ajali siku hiyo hiyo, utie tarehe, upige picha ukurasa. Kujiandikisha kwa daktari wa mtaa hakulipiwi. Fanyeni wiki hii mkiwa wazima, kabla hamjamhitaji. Matibabu ya hospitali ni habari nyingine, yanaweza kulipishwa, na ndiyo sababu tatizo lishikwe likiwa dogo.

5. Karavani. Watu sita, mtungi mmoja wa gesi. Anayeukuta umekwisha aseme usiku ule ule, asiwaachie wenzake kuugundua saa kumi alfajiri na sufuria mkononi. Viatu vyenye matope vibaki nje. Anayepika omena afungue dirisha kwanza. Tunampenda, na omena tutamsaidia kuila, lakini afungue.

Sasa wewe wa karavani ya kumi na nne, mwenye sweta ya kijivu. Nimeshaongea na supavaiza bila kutaja jina. Pakihausi ina nafasi mbili kuanzia kesho. Nitakuwa nje ya ofisi saa kumi na moja alfajiri, kabla basi halijaja, na kitabu nitakuwa nimekiomba. Njoo, hata kama hujajua utasema nini. Nitaandika mimi, wewe utaweka sahihi kwa mkono unaoweza.