Mkutano wa stafu si mahakama

Kuna mwalimu mkuu kijana kaandika barua ya karipio kwa sababu ya ufagio. Zamu ya mchana imekuta darasa halijafagiwa, walimu wawili wakarushiana maneno mbele ya watoto, naye huyoo, mbio kwenye kalamu. Nakupendeni, walimu wakuu vijana, lakini mnachosha. Kabla ya kushika kalamu, shikeni haya.

1. Usimhukumu mwalimu mkutanoni. Nilipopewa skuli mara ya mwanzo, Pemba, msimu wa karafuu, nusu ya watoto wako mikarafuuni, mwalimu mmoja alikuja kunilalamikia: mwenzake haingii vipindi, mikondo yote miwili kaachiwa yeye. Nikaitisha stafu, yaani walimu wote, nikafungua daftari la mahudhurio, nikalisoma tarehe kwa tarehe kwa sauti, najiona hodari. Yule bibi aliyelalamikiwa hakujibu. Akajifunga vizuri mtandio wake, akachukua mkoba, akatoka. Kumbe mumewe kalazwa hospitali, Chake Chake, na ruhusa kapewa kwa mdomo na msaidizi wangu, aliyekaa ubavuni pangu pale pale, kainamia simu yake! Tokea siku hiyo chai ikanywewa kwa makundi mawili, na andalio la somo la yule bibi likawa linaletwa ofisini na mtoto. Nikamwita faraghani kumtaka radhi. Akasema, “Hewala, mwalimu mkuu,” basi. Nimemvunjia heshima mbele ya watu, radhi namtaka chemba! Ikabidi nirudi kwenye stafu ile ile niseme nimekosa, na msaidizi naye aseme lake. Hata hivyo, miezi ilipita kabla hajaniletea andalio kwa mkono wake.

2. Ruhusa ya mdomo iandikwe siku hiyo hiyo.

3. Zamu zikabidhiane chaki, ufagio na madawati mabovu kabla ya kengele.

4. Mzazi akija juu, mtoe mlangoni mwa darasa, mpe kiti, mwache amalize. Mzee mmoja alitufokea mpaka sauti ikamkauka. Alipopewa maji ndipo tukafahamu kuwa mwanawe kapigwa njiani anakwenda chuoni, kwenye Kurani, si skuli.

5. Pesa. Michango ya wazazi skuli za msingi Zanzibar iliondolewa mwaka 2015, na wazazi wanalijua hilo kuliko wewe. Usimtume mtoto nyumbani na kikaratasi cha kudai fedha za mitihani. Iite kamati ya skuli, na sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, awepo, kabla hajakuita yeye.