Nondo wachache kwenye udongo mweupe wa Pugu: tatizo ni udongo?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafanya mradi wa mwaka wa mwisho kuhusu nondo, wale wadudu wanaofuata taa usiku. Niliweka taa na shuka jeupe msituni Pugu, penye udongo mweupe wa kaolini, na usiku mwingine bondeni upande wa Kisarawe, kwenye udongo mweusi. Pugu walitua wachache zaidi. Je, niandike kwamba udongo duni unapunguza aina za nondo? – Mwanafunzi, Ubungo

JIBU: Marahaba binti yangu. Usiandike hivyo bado. Umehesabu nondo, hujahesabu aina.

Kiwavi hali udongo, anakula majani, na habari za udongo zinamfikia kupitia jani. Kaolini haishiki virutubisho vingi. Mti ulioota hapo ukiliwa jani, kuotesha jingine ni gharama kubwa, kwa hiyo unalilinda: unalikomaza likawa gumu, au unalijaza tanini (kemikali chungu) na utomvu. Jambo hili lilipimwa vizuri sana karibu na Iquitos, Peru, ambako msitu wa mchanga mweupe umepakana na wa mfinyanzi. Mwanaikolojia Paul Fine na wenzake walihamisha miche kutoka udongo mmoja kwenda mwingine, mingine wakaikinga kwa wavu. Matokeo yalitoka mwaka 2004: miche ya mfinyanzi ilistawi hata mchangani, mradi wadudu wamezuiwa. Bila wavu, huko mchangani miche wenyeji wa mchanga ndiyo iliyotamba.

Kwa hiyo udongo duni unachuja. Viwavi wa kula chochote wanapata shida, waliozoea majani makali wanabaki. Pugu inaweza kukupa nondo wachache ambao bondeni hawapo kabisa, na hilo kwangu lina uzito kuliko idadi. Anza kwa kuweka orodha zako mbili za spishi pamoja.

Ukifika kwenye idadi, tuseme una nondo 300 wa bondeni na 120 wa Pugu. Chota kwa nasibu 120 kati ya wale 300, kompyuta irudie mara nyingi, ndipo ulinganishe idadi ya aina, maana kundi kubwa huonyesha aina nyingi kwa sababu ya ukubwa wake tu. Au tumia alfa ya Fisher, kipimo cha wingi wa aina cha mwaka 1943, kilichojengwa kwa sehemu juu ya nondo walionaswa kwa taa katika kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza. Na taa ziwe sawa, saa zile zile, siku za giza la mwezi. Shuka linalotazamana na taa za Gongo la Mboto halishindani kwa haki na la bondeni gizani.

Angalia pia nani katua. Agrius convolvuli, yule mkubwa wa kijivu mwenye pingili za waridi tumboni, anaruka mbali mno. Kiwavi wake, mwenye pembe nyuma, anakula matembele kisha anajichimbia ardhini. Ukimfukua unakuta pupa (hatua kati ya kiwavi na nondo) ya kahawia yenye mrija uliopinda kama mkono wa jagi. Kumpata Pugu hakusemi lolote kuhusu kaolini, huenda katoka bustanini kwa mtu.

Nondo wenyeji wa Pugu utawajua kwa viwavi wao. Omba kibali cha TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), watafute mchana kwenye miti yenyewe, uwalee kwenye ndoo zilizofunikwa chandarua na uandike kila mmoja kala jani gani. Chini ya ndoo weka udongo wa hapo hapo, kwa ajili ya wale wanaojichimbia.