Albumini imeshuka na miguu imevimba, tuanzie wapi?

SWALI: Dada nesi, habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 58, nipo kwenye dayalisisi ya tumbo (maji ya sukari yanawekwa tumboni kusafisha damu badala ya figo) mwaka wa pili sasa, nabadilisha maji kwa mkono mara nne kwa siku, lita mbili mbili, mifuko yote ya sukari ya asilimia 1.5. Miezi miwili iliyopita albumini yangu, ile protini ya kwenye damu, ilikuwa 36, juzi nimepima imekuja 29 na miguu imevimba mpaka viatu haviingii. Nimeambiwa protini imeshuka nile sana, basi nakula mpaka najilazimisha, lakini uvimbe ndo unazidi na uzito umetoka kilo 61 umefika 65. Daftari langu la juzi liko hivi: mchana ziliingia 2000 mara tatu, zikatoka 2150, 2100 na 2150. Mfuko wa usiku naweka saa 3 natoa saa 12 asubuhi, iliingia 2000 ikatoka 1750. Mkojo nao umepungua, zamani nilipata zaidi ya nusu lita kwa siku, sa hivi ni glasi moja tu. Maji nakunywa kama lita moja na nusu. Nifanye nini, manake nimechoka kula.

JIBU: Pole sana mama. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye ile 1750 ya asubuhi. Jibu lako kubwa lipo hapo.

Hebu tuhesabu pamoja. Mchana umetoa ziada ya mililita 150, 100 na 150, jumla 400. Usiku mwili umekunywa 250 kutoka kwenye mfuko wenyewe, kwa hiyo zimebaki 150 kwa siku nzima. Ongeza ile glasi ya mkojo, tuseme 200, unapata 350. Na unakunywa 1500. Jasho na pumzi vinatoa kiasi, sawa, lakini chakula nacho kina maji yake, kwa hiyo kila siku unabaki na kitu mwilini. Lita moja ni kilo moja, na hizo kilo nne zako mimi siamini kama ni nyama wala mafuta. Bonyeza mfupa wa mbele wa mguu kwa kidole gumba uhesabu mpaka kumi alafu uachie, kikibaki kishimo basi hayo ni maji.

Kwa nini usiku maji yanarudi ndani? Kinachovuta maji toka kwenye damu kuja tumboni ni ile sukari ya kwenye mfuko, ila sukari nayo inapenya utando wa tumbo inaingia kwenye damu kidogo kidogo, ikishapungua hakuna tena kinachovuta, na maji yaliyobaki tumboni yanaanza kunywewa na mwili. Saa tisa kwa sukari ya 1.5 ni muda mrefu mno kwa watu wengi, na kama utando wako unapitisha vitu haraka ndo kabisa, saa mbili tatu tu sukari imeshaisha nguvu. Zamani mkojo ulikuwa unakufichia hilo tatizo, sasa umepungua limejitokeza. (Kitu kimoja hapo: mfuko ulioandikwa 2000 huwa unazidi kidogo kwa ajili ya kusuuza mirija, uliza kliniki kwenu wanaihesabu vipi hiyo ziada, manake ukikosea hapo unaweza kudhani umetoa maji kumbe hujatoa.)

Sasa turudi kwenye albumini, kwa sababu hiyo 29 ndo iliyokutisha. Kinachopimwa pale ni gramu ngapi ziko kwenye lita moja ya damu, haipimwi jumla uliyo nayo mwilini. Damu ikizimuliwa na maji namba inashuka hata kama albumini yenyewe haijapotea yote hiyo. Nimeshaona wagonjwa ambao tulitoa maji tu, chakula hakikubadilika, na namba ikapanda yenyewe. Ndo maana inaniuma mtu aliyevimba anapoambiwa "kula zaidi" basi, hakuna aliyefungua daftari lake.

Ila sisemi ni maji peke yake. Kila siku mifuko yako inaondoka na protini, kwa kawaida kati ya gramu 5 na 15, na utando unaopitisha haraka hupoteza nyingi zaidi, kwa hiyo utando huo huo unaweza kukuletea mambo mawili kwa mpigo: maji hayatoki vizuri na protini inatoka sana. Albumini ikishuka sana nayo inachangia uvimbe, kwa kuwa yenyewe ndo inashikilia maji ndani ya mishipa, ikipungua maji yanavujia kwenye nyama. Ni duara. Lakini kwa 29 na hesabu za daftari lako, mimi ningeanza na maji.

Alafu kuna jambo ambalo watu hawalijui kabisa: mwili ukiwa na uchochezi (sio huu uvimbe wa maji) au maambukizi, ini linapunguza kutengeneza albumini, hata ule vipi. Kwa hiyo angalia pale mpira unapotokea tumboni kama pana wekundu, usaha au maumivu, angalia na fizi na meno, na muulize daktari kama unaweza kupimwa CRP, kipimo cha damu kinachoonyesha huo uchochezi. CRP ikiwa juu, chakula peke yake hakitapandisha hiyo namba.

Kuhusu kula: kiwango kinachoshauriwa kwa wagonjwa wa dayalisisi ya tumbo ni gramu 1 mpaka 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili, na kilo zenyewe tumia zile za kabla hujavimba, yaani 61, inakuja gramu 61 mpaka 73 kwa siku. Hizo ni gramu za protini, nyama iliyopikwa ya gramu 100 ina protini kama 25 hadi 30 tu. Ukishafika hapo inatosha mama, usijitese. Na hiyo hali ya kushiba haraka inaweza kuwa ni maji yenyewe, utumbo nao unavimba, pamoja na lita mbili zilizokaa tumboni muda wote. Cha kubana kweli ni chumvi, isizidi gramu 5 kwa siku nzima kwa vyakula vyote, manake ukila chumvi kiu haikuachi, na kumwambia mtu mwenye kiu asinywe ni kumuonea.

Wiki hii, usisubiri tarehe ya kliniki, nenda na daftari uwaonyeshe ile 1750. Waombe wakupime utando, ni kipimo cha saa nne, wanaweka maji wanachukua sampuli za maji na damu wanalinganisha. Ikionekana unapitisha haraka kuna njia: kufupisha ule muda wa usiku, kutumia mashine inayobadilisha maji mara nyingi ukiwa umelala, au kwa ule mfuko unaokaa muda mrefu kuweka maji ya ikodekstrini, sukari ya aina nyingine isiyopenya haraka, ambayo yanaendelea kuvuta hata zaidi ya saa nane. Kama una kisukari waambie kabla ya ikodekstrini, kwa sababu kuna mashine za kupimia sukari ambazo zinadanganywa nayo, zinasoma juu wakati sukari yako iko chini, na mtu anaweza kujichoma insulini ikamuua. Na ukianza kukosa pumzi ukilala chali, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

SWALI: Nesi shikamoo. Baba yangu naye alivimba, nikaona mfuko wa 4.25, ule wa sukari kali zaidi, unatoa maji mengi, sasa tunamwekea huo kila mara. Uvimbe umeisha kabisa lakini anapata kizunguzungu akisimama na misuli inamkaza usiku. Albumini imepanda mpaka 38, tuendelee?

JIBU: Marahaba. Hapana kaka, simamisheni huo wa 4.25 na mpigieni simu nesi wa kliniki leo. Nadhani mmemkausha, na hiyo 38 inaweza kuwa juu kwa sababu damu imekuwa nzito, kinyume cha mama wa hapo juu. Kizunguzungu akisimama na misuli kukaza ndo dalili zenyewe. Mkimkausha hivyo na ule mkojo kidogo uliobaki unaweza kukatika, na ule mkojo ni mali, unamsaidia kuliko mfuko wowote. Mfuko mmoja wa lita mbili wa 4.25 una sukari gramu 85, zaidi ya nusu inaingia kwenye damu yake, na ukitumika kila siku kwa muda mrefu unauchosha utando wa tumbo. Mfuko mkali upo kwa kazi yake, aelekezwe na daktari lini autumie. Nyie mpimeni uzito kila asubuhi baada ya kutoa maji, mizani ile ile, na presha amekaa na amesimama, muandike.

SWALI: Naweza kuchomwa dripu ya albumini namba ipande?

JIBU: Itapanda siku chache itashuka tena, manake kilichoishusha bado kipo, na sehemu yake itatokea kwenye mifuko. Tena kwa mtu mwenye maji mengi inaweza kumzidishia mzigo kwenye mishipa. Kuna sababu chache ambazo daktari ataiandika, kupandisha namba kwenye karatasi sio mojawapo. Na pima maabara ile ile kila mara, njia za kupima albumini zinatofautiana, mtu anaweza "kushuka" gramu kadhaa kwa kubadilisha maabara tu. Lakini ikishuka ghafla huku maji yanayotoka yamekuwa na ukungu au tumbo linauma, hayo ni maambukizi mpaka ithibitike vinginevyo, chukua mfuko huo huo uende nao hospitali.