Maswali na majibu: Habari haiombwi kama msaada

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo lile lile kwa maneno tofauti: nitaandikwaje bila kulipa? Nimelijibu mara nyingi. Nalijibu tena kwa urefu, na naomba anayetaka kuniuliza tena aanze kwanza kufanya yaliyoandikwa hapa.

Biashara yangu ina miezi minane. Nifanye nini ili vyombo vya habari vinitangaze bure?

Vyombo vya habari vinaripoti. Ukitaka kutangazwa, nunua nafasi ya tangazo, andika upendavyo, na litatoka siku unayoitaka. Ukitaka kuripotiwa, uwe na jambo ambalo mtu asiyekujua kabisa angependa kulisikia. Kwamba umefungua biashara halimshangazi mhariri, maana zinafunguliwa kila siku. Lakini kama umepata njia ya kukausha mbao kwa nusu ya muda uliozoeleka, na wapo mafundi wawili walioitumia ambao wako tayari kuzungumza na mwandishi, hapo una kitu mkononi.

Mtafute mtu asiyehusika na kazi yako, msimulie unachofanya, kisha sikiliza ni wapi anakukatiza kwa swali. Anza habari yako hapo hapo. Halafu acha tabia ya kutuma barua moja kwa wahariri hamsini kwa mkupuo. Soma kazi za waandishi watatu wanaofuatilia sekta yako, jua kila mmoja anaandika nini, na mwandikie kwa jina lake ukimweleza kwa nini jambo hili linamhusu yeye. Hiyo ni kazi ya wiki kadhaa, kwa hiyo neno "bure" liondoe kichwani.

Taarifa kwa vyombo vya habari iwe na urefu gani?

Ukurasa mmoja. Nani, nini, wapi, lini na kwa nini viwe vimekwisha kusemwa katika aya ya kwanza. Namba ya simu iwe ya mtu anayepokea hata jioni, maana kurasa nyingi za magazeti hufungwa jioni.

Mkurugenzi anataka taarifa ianze na nukuu yake ya shukrani kwa wadau. Nimwambieje?

Mwambie mhariri ataikata. Mpe nukuu moja yenye jambo ambalo yeye peke yake anaweza kulisema.

Bidhaa yetu imewadhuru wateja wachache. Mwanasheria anasema tukae kimya hadi uchunguzi uishe. Yuko sahihi?

Mwanasheria anaitazama mahakama, na huo ndio wajibu wake. Wateja wenu hawasubiri hukumu. Wanaamua leo kama watawaamini. Mnaweza kuzungumza bila kukiri kosa ambalo halijathibitishwa. Semeni mnachokijua, msichokijua bado, mnachofanya sasa hivi, na saa mtakayozungumza tena. Saa hiyo ikifika, jitokezeni hata kama hamna jipya.

Oktoba 1906 treni ya kampuni ya Pennsylvania Railroad ilitumbukia majini kutoka darajani huko Atlantic City, Marekani, na zaidi ya watu 50 wakafa. Kampuni za reli za wakati ule zilizoea kuficha ajali. Mshauri wa Pennsylvania Railroad, Ivy Lee, aliandika taarifa na kuwapa waandishi kabla uvumi haujashika kasi, na The New York Times ikaichapisha kama ilivyo. Wengi huihesabu kuwa taarifa ya kwanza kwa vyombo vya habari.

Mfano wa pili mnaupenda, ila mnausimulia nusu. Mwaka 1982 watu saba wa eneo la Chicago walikufa baada ya kumeza vidonge vya Tylenol, dawa ya kutuliza maumivu, ambavyo mtu alivitia sumu ya sianidi. Johnson & Johnson, wenye dawa hiyo, hawakuitia wao sumu hiyo. Hata hivyo waliwaonya watu waziwazi, wakaondoa sokoni chupa zipatazo milioni 31, zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 100, kisha wakarudi na vifungashio vinavyoonyesha kama vimeguswa. Watu hukumbuka walivyozungumza vizuri. Mimi nawasihi mkumbuke zile chupa. Kama bidhaa yenu bado iko rafuni, msiniombe niwaandikie maneno ya pole. Itoeni leo.

Mteja ameandika mtandaoni kwamba huduma yetu ni mbovu. Tumshtaki?

Kwanza jiulizeni kama amesema kweli. Kama ni kweli, rekebisheni, kisha mjibuni pale pale alipoandika. Kama ni uongo, jibuni mara moja kwa ushahidi na muishie hapo. Mwaka 2003 mwimbaji Barbra Streisand alifungua kesi ya dola milioni 50 ili picha ya nyumba yake, moja kati ya picha 12,000 za pwani ya California, iondolewe mtandaoni. Kabla ya kesi ilikuwa imepakuliwa mara sita, mbili kati ya hizo na mawakili wake mwenyewe. Katika mwezi uliofuata zaidi ya watu 420,000 walitembelea tovuti ile. Na kesi alishindwa.

Mwandishi aliyekuja kwenye uzinduzi anaomba bahasha. Nimpe?

Usimpe. Ukimlipa ili aandike, umemfundisha kwamba unalipa, na siku atakayopata la kukuaibisha atakuja kuuza ukimya wake. Kwa sababu iyo hiyo, usiajiri wakala anayekuahidi kwamba habari "lazima itoke". Muulize anaipitisha wapi.

Wakala wetu anakokotoa habari zilizotoka zingegharimu kiasi gani kama zingekuwa matangazo. Tuamini?

Hapana. Kwa hesabu hiyo, makala ya ukurasa mzima inayowaumbua ina thamani kubwa kuliko aya mbili za kuwasifu. Wataalamu wa upimaji walikutana Barcelona mwaka 2010 wakakubaliana kwamba kipimo hicho hakionyeshi thamani ya uhusiano wa umma, na bado mnakilipia. Daini mwambiwe ni nani aliyesoma na akafanya nini baada ya hapo: alipiga simu, alijisajili, alibadili mawazo?

Mradi wetu utapita kwenye mashamba ya watu. Tuanze na gazeti, redio au mitandao ya kijamii?

Anzeni na wenye mashamba. Nendeni kabla ya wapima ardhi kufika, mkiwa na mtu mwenye mamlaka ya kuamua, asiwe msemaji peke yake. Kila ahadi iandikwe na nakala ibaki kwao. Mwandishi akija, hao ndio atakaowatafuta kwanza.