Dada, shamba la Kwale msiliuze

Dada, assalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya mwisho nilikuwa ndani ya gari nje ya kazi, saa kumi na moja alfajiri, sijawasha hata injini. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, je, mpwa wangu, kwa mbio zake na mikono yake ya raga, anaweza kuja huku akawa mchezaji wa futiboli ya Marekani, wale wanaodaka mipira ya mbali na kulipwa mamilioni? La pili, nikisema ndiyo, muuze kile kipande cha Kwale alichotuachia baba ili ipatikane ile laki sita anayoidai huyo wakala aliyempata kwenye simu. Ukamaliza kwa kusema: "Wewe uko huko mwaka wa kumi na nne, na picha yako uwanjani tunayo. Hukosi mtu unayemjua."

Wacha nianze na hiyo picha, maana naona ndiyo iliyotufikisha hapa. Ile nimevaa jezi ya zambarau, nyuma yangu viti vimejipanga mpaka juu. Jezi niliazima. Kitambulisho kilichoning'inia shingoni kilikuwa cha kazi ya usafi. Msimu ule, baada ya kila mechi, tulikuwa tunaingia na mafagio na mifuko ya taka kusafisha uwanja wa Vikings, timu ya futiboli ya hapa Minneapolis, kwa sababu zamu zangu za kutunza wazee zilikuwa hazitoshi kulipa nyumba na kutuma nyumbani. Mama alikuwa anaumwa, nikataka afurahi, nikaituma bila maelezo. Mkaelewa mlivyoelewa, nami nikanyamaza. Hapo nilikosea, na naomba mnisamehe. Wachezaji siwajui. Ila mchezo wao nimeuona kwa karibu, na nitakwambia nilichokiona bila kuficha.

Tarehe 14 Januari 2018 nilikuwa kazini. Tulikuwa tumejipanga kwenye ujia chini ya majukwaa tukingoja mechi iishe. Zilibaki sekunde 10, Vikings wako nyuma 24 kwa 23 dhidi ya New Orleans Saints, na watu wengine walishaanza kutoka, nyuso zimeanguka. Ghafla zege juu ya vichwa vyetu likatetemeka. Kijana anaitwa Stefon Diggs alikuwa ameruka karibu na mstari wa pembeni, akaudaka mpira, beki aliyekuja kumwangusha akamkosa, akagusa chini kwa mkono asianguke, akakimbia peke yake mpaka mwisho. Yadi 61. Saa ikaisha. Mechi ikawa 29 kwa 24. Tulipoingia kufagia, wazee wa makamo walikuwa bado wamekaa vitini wanalia. Bibi mmoja alinikumbatia, na ufagio wangu mkononi.

Miaka miwili baadaye, Machi 2020, Diggs akauzwa kwa timu ya Buffalo.

Na hapa ndipo nataka mpwa wangu aelewe, kwa sababu yule anayempenda, Justin Jefferson, yule anayecheza ile ngoma ya Griddy akifunga, alikuja kwa mlango huo huo. Moja ya vitu ambavyo Vikings walipewa kwa Diggs ilikuwa nafasi ya 22 katika kuchagua chipukizi wa mwaka ule, na kwa nafasi hiyo wakamchukua Jefferson. Mwaka 2024 akasaini mkataba wa miaka minne, dola milioni 140, na milioni 110 kati ya hizo ni za uhakika. Hiyo ni kweli, siwezi kuikataa, na ana haki nayo. Lakini Dada, anayeingia ameingilia pale alipotolewa mwingine. Kila mwaka ni hivyo.

Hawa wanaodaka huku wanawaita risiva. Video mnazoziona ni za sekunde nane: mtu anaruka, anadaka, anacheza. Usione vyaelea. Risiva akiambiwa akimbie yadi 12 kisha akate kwenda ndani, ni yadi 12, si 11 wala 13, na hatua zake zinahesabiwa. Yule anayerusha, kwotabeki, anauachia mpira kabla risiva hajageuza kichwa. Kwa hiyo hauoni ukirushwa. Unageuka, unaukuta umeshafika usoni, na nyuma yako kuna mtu wa kilo 95 anakuja kasi kukuangusha. Vijana wa huku wanaanza kujifunza hayo tangu wadogo, kisha sekondari, kisha chuo. Kuna kitabu cha mbinu kinene kama msahafu, na usipokijua kwa moyo hupewi hata dakika moja, hata uwe na mbio za swala. Mpwa wangu anajua kukimbia na mpira ulio mkononi. Kuupokea ukitoka nyuma ya bega lako ni kazi nyingine kabisa.

Sasa hesabu. Ligi yao, NFL, ina timu 32. Kila timu huingia kambini Julai na wachezaji 90, na mwisho wa Agosti lazima wabaki 53. Piga mwenyewe: zaidi ya vijana elfu moja wanaambiwa wafungashe ndani ya siku chache. Katika hao 53, marisiva huwa watano au sita. Wengine wachache huchukuliwa kwenye kikosi cha mazoezi, ambako msimu wa 2025 kijana alilipwa dola 13,000 kwa wiki. Ni pesa nyingi, Dada, sitaki kukudanganya upande huo pia. Kwa wiki moja anapata ninachokitafuta miezi mitatu. Lakini ni ya wiki kwa wiki. Leo yupo, Jumanne anaitwa ofisini na kitabu chake cha mbinu, anaambiwa asante. Msimu wenyewe ni wiki 18. Katika hizo pesa ukatoe kodi ya serikali kuu, kodi ya jimbo, kodi ya majimbo mengine anakokwenda kucheza, na wakala hadi asilimia 3.

Chama chao cha wachezaji kinasema kwa wastani mchezaji anadumu miaka mitatu na kitu. Na ili upate haki ya pensheni unatakiwa uwe na misimu mitatu inayohesabika. Unaona jinsi hesabu mbili hizo zinavyopakana? Wengi wanatoka mlangoni kabla hawajaifikia. Mwaka 2015 wataalamu wa uchumi waliwafuatilia waliostaafu wakakuta karibu asilimia 16 wametangaza kufilisika ndani ya miaka 12, hata wale waliolipwa vizuri.

Kuna mmoja wa huku kwetu ambaye watu hupenda kumtolea mfano, Adam Thielen, mtoto wa Detroit Lakes, mji mdogo wa Minnesota hii hii. Chuo kidogo cha Mankato kilimpa msaada wa dola 500 tu. Hakuna timu iliyomchagua. Mwaka 2013 akaomba majaribio, akakaa msimu mzima kwenye kikosi cha mazoezi. Mwaka 2018 akafungua msimu kwa mechi nane mfululizo, kila mechi yadi zisizopungua 100, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya kabla yake. Kazini kwetu wazee wanalitaja jina lake kama la mjukuu. Machi 2023 timu ya nyumbani ikamwacha. Mwenyewe amefanikiwa, mashallah. Lakini mtazame vizuri: amezaliwa hapa, ana karatasi, anakula kwa mama yake, amecheza tangu utotoni, na bado alipita kwenye tundu la sindano.

Nisikuchoshe kwa majina ya wakubwa. Nikwambie habari ya mzee mmoja.

Ninapofanya kazi sasa ni nyumba ya wazee waliopoteza kumbukumbu. Jina lake sitasema wala timu yake, sheria ya kazi hainiruhusu, na hata ingeniruhusu nisingesema. Alicheza risiva misimu miwili, zamani. Kila usiku saa tatu namwosha mikono kabla ya kulala. Kidole chake kidogo cha kulia kimetazama nje kama tawi, cha pete hakikunjiki, na gumba limevimba kwenye kifundo. Ni vidole vilivyoteguka, vikarudishwa palepale pembeni mwa uwanja, vikafungwa utepe, akarudi kucheza. Kifungo cha shati hawezi. Nikishika beseni la maji ya vuguvugu yeye huikunjua mikono yote miwili, vidole vimeachana, gumba na gumba na kidole cha shahada na cha shahada vimekaribiana vikaacha pembetatu katikati. Ndivyo risiva anavyofundishwa kuupokea mpira unaokuja kifuani. Jina la mke wake halikumbuki, lakini mikono inakumbuka. Halafu ananiuliza kama basi la timu limeshafika. Namwambia bado, mzee wangu, pumzika kidogo.

Siwezi kusema ni mchezo uliomfanya hivyo. Wapo wazee wengi pale ambao hawajawahi kuugusa mpira. Lakini Chuo Kikuu cha Boston mwaka 2017 kilitoa matokeo ya ubongo wa wachezaji 111 wa ligi hii waliofariki, na 110 walikutwa na ugonjwa wa CTE unaotokana na kupigwapigwa kichwa. Ni kweli zilikuwa familia zenye wasiwasi zilizotoa ubongo huo, kwa hiyo usihesabu kwamba ni wote. Ila mfikirie Demaryius Thomas. Risiva mkubwa, bingwa wa Super Bowl, yaani fainali ya ligi, akiwa na Denver. Alifariki Desemba 2021, ana miaka 33. Walipompima wakaukuta, tayari uko hatua ya pili. Thelathini na tatu, Dada. Wewe umri huo ulikuwa unambeba huyu kijana mgongoni.

Kuhusu huyo wakala wa laki sita: ni tapeli, na namba yake uizuie leo. Timu za huku zinamlipa mchezaji. Hakuna inayomtoza ili imsajili. Mlango wa halali kwa vijana wa nje upo. Ligi ina mpango wake wa wachezaji wa kimataifa tangu 2017, na mwaka 2023 walikuja wenyewe Nairobi kufanya kambi ya kusaka vipaji. Kwa hiyo wakija tena, anachohitaji ni tikiti ya SGR na viatu. Na kuna Mkenya aliyewahi kufika, Daniel Adongo, mtu wa raga kama yeye. Indianapolis Colts walimchukua 2013 hajacheza hata mechi moja ya futiboli maishani. Akaingia uwanjani katika michezo michache tu, na wakamweka upande wa ulinzi, si risiva.

Mwambie pia asome habari za Louis Rees-Zammit, winga wa raga wa Wales, mwenye mbio ambazo dunia nzima iliziona. Aliacha raga Januari 2024, akaenda Kansas City, akaachwa, akachukuliwa Jacksonville kwenye kikosi cha mazoezi. Hakucheza hata mechi moja ya ligi. Mwaka 2025 akarudi raga. Kwa upande wa waliopita njia hiyo wakafanikiwa sana, mfano wanaoutoa ni Jordan Mailata kutoka Australia, naye ni mtu wa zaidi ya mita mbili na kilo 160, kazi yake ni kuzuia, kudaka haimhusu. Mpwa wangu ana kilo 78.

Nikisema haya sisemi abaki nyumbani akae barazani. Ninavyomwona, huyu ni mtoto wa raga, na raga kwetu ina jina: mwaka 2016 Kenya iliwafunga Fiji 30 kwa 7 kwenye fainali ya raga ya saba kwa saba, Singapore. Amalize kidato cha nne kwanza. Kama mbio zake za mita 100 na 200 ni nzuri hivyo, azikimbie kwenye mashindano ya shule zenye saa za kupimia, muda wake uandikwe. Wakenya wanaopata ufadhili wa michezo kwenye vyuo vya huku wengi wao ni wa riadha, na wanaupata kwa muda ulioandikwa karatasini pamoja na alama za darasani. Hiyo ni njia ninayoweza kumsaidia kweli, kwa kusoma naye fomu na kulipia mtihani wa kujiunga na chuo. Akishafika akiwa mwanafunzi, akitaka kujaribu futiboli kwenye chuo chake, ajaribu akiwa na bima na kitanda cha kulala.

Najua itamuuma, na najua atasema mjomba anamwonea choyo. Usinitetee. Mwache akasirike, kisha nipe mimi nizungumze naye.

Shamba la Kwale msilitie mkono. Hati iko kwenye lile sanduku la bati la baba, chini ya kanzu zake. Naomba uipige picha unitumie leo, kisha uirudishe na kufuli. Mvua za vuli zikianza nitatuma za miche ya minazi upande ule uliobaki wazi.

Jumapili nitapiga baada ya isha ya huko. Nikifika kazini usiku ule nitakuwa nimelala vya kutosha, kwa hiyo hata tukizungumza kwa muda wa saa mbili si neno. Kijana awe na kalamu na daftari, na awe ameshakwenda kwa mwalimu wake wa michezo kuchukua muda wake wa mita 100.