Maswali ya Wasomaji: Gemu Zinazosifiwa Ulaya, Huku Kwetu Zinachezeka?

Barua za safari hii zimetoka Mbeya, Iringa, Njombe na mpakani Tunduma, na nyingi zinauliza jambo moja: gemu imepewa alama tisa kwa kumi, je, niinunue? Tatizo la alama hizo ni kwamba anayezitoa ana faiba nyumbani, TV mpya na umeme usiokatika. Sisi tunaangalia pia bando, pedi za pili na TV iliyopo ukutani.

Nina kibanda cha gemu Mwanjelwa: PS4 tatu na PS5 moja. Vijana wananidai gemu ya mpira FC 26, lakini FC 24 bado inaniingizia hela. Nihame? Halafu kuna TV moja kubwa, ukibonyeza pasi inatoka kwa kuchelewa. Pedi mbovu?
*Mwenye kibanda, Mwanjelwa, Mbeya*

Kwa zile PS4, baki ulipo. Matoleo ya PS4 hayana HyperMotion, teknolojia inayochukua mienendo ya wachezaji kutoka mechi halisi, kwa hiyo kinachobadilika mwaka hadi mwaka ni vikosi, jezi, menyu na kasi kidogo. Mteja anayelipa kwa mechi anachotaka ni kumwona mchezaji aliyehama yuko klabu mpya. Kwa uhamisho uliofanyika FC 24 ikiwa bado inapokea vikosi, hulipii diski: unganisha mashine na wifi ya simu mara moja, ingia kwenye seva za EA, watengenezaji wa FC, pakua vikosi vya mwisho, kisha zima. Faili la vikosi ni dogo. Linalomaliza bando ni apdeti ya gemu nzima, basi zuia upakuaji wa kujiendesha kwenye mipangilio ya mashine kabla hujawasha wifi. Ujue tu kwamba FC 24 haipokei tena vikosi vya msimu mpya; aliyehama baada ya hapo utamkuta klabu ya zamani.

Kwa PS5, ndiyo, nunua FC 26, na uiruke FC 25. FC 25 ilileta Rush, yaani mpira wa watano kwa watano, na mfumo wa majukumu ya wachezaji unaoitwa FC IQ. Rush inafurahisha. Lakini mechi ya kawaida ilikuwa nzito, na mabeki wanaoongozwa na mashine walijipanga wenyewe vizuri kupita kiasi. Kijana aliyezoea kupenya kwa chenga alikuwa anagonga ukuta. FC 26, iliyotoka Septemba 2025, imerudisha wepesi wa miguu, na makipa hawautemi tena mpira mbele ya mshambuliaji ovyo kama zamani. Imegawa uchezaji mara mbili: mtindo wa haraka kwa mashindano ya mtandaoni, na mtindo wa polepole, karibu na mpira wenyewe, kwa anayecheza ukocha peke yake. Ligi yetu haimo, kwa hiyo mtu asije kukudai Mbeya City wala Prisons.

Kuhusu pasi kuchelewa, anza na TV kabla ya kulaumu pedi. TV nyingi kubwa huichakata picha ili ing'ae, na kila hatua ya uchakataji inaongeza ucheleweshaji. Fungua menyu ya picha, chagua hali ya gemu, na uzime vionjo vya kulainisha mwendo. Ikibaki hivyo hivyo, tumia waya. Kwenye PS4 kuchomeka waya peke yake hakutoshi, kwa sababu pedi huendelea kutuma kwa Bluetooth. Nenda kwenye mipangilio ya vifaa, sehemu ya pedi, uchague mawasiliano kwa waya wa USB. Kwenye chumba chenye pedi nane na simu ishirini, Bluetooth inasongamana.

Angalizo moja kabla hujanunua: pedi za PS4 hazichezi gemu za PS5. Zitafanya kazi kwenye mashine ya PS5 pale tu unapocheza toleo la PS4. Ukinunua diski ya FC 26 ya PS5, hesabu na bei ya pedi mpya.

Ukitaka kitu cha pili mbali na mpira, gemu za kupigana zinafaa sana kibandani maana pambano ni fupi na foleni inatembea. Kwa PS4 chukua Street Fighter 6. Ina mfumo wa vitufe unaoitwa Modern: mgeni anatoa pigo maalumu kwa kitufe kimoja, ila pigo hilo linapungua nguvu kwa asilimia 20, hivyo fundi aliyejifunza mfumo wa zamani hapunjwi. Tekken 8 ni ya PS5 tu upande wa PlayStation. Inapendeza macho na inasukuma watu kushambulia, lakini mabadiliko ya msimu wa pili mwaka 2025 yaliegemea upande wa mashambulizi mno hadi wachezaji wazoefu wakalalamika, na sisi tunawaunga mkono. Kwa Tekken, toza kwa seti badala ya dakika.

Nimeazimwa Elden Ring, nimekufa mpaka nimechoka. Kila mtu anasema ni gemu bora. Bora kwa nani? Au nirudi God of War?
*Mwanafunzi, Uyole*

Ni bora kweli. Ila ilimwacha mgeni bila maelekezo kwa makusudi, na hapo wengi huiacha. Watengenezaji wake, FromSoftware wa Japani, walipoitoa Februari 2022 waliacha uwanda wazi: ukishindwa hapa, unaruhusiwa kwenda kwingine. Wewe, tunavyokisia, unaganda mlangoni kwa Margit, yule bosi wa daraja la ngome ya Stormveil. Kila mgeni hufanya hivyo, kwa sababu mwanga wa njia unaelekeza huko moja kwa moja. Mwanga huo unaonyesha mwelekeo tu. Haukuambii kama uko tayari.

Fanya hivi. Yule mpanda farasi wa dhahabu anayezunguka mwanzoni, mpite kwa mbali. Nenda Kanisa la Elleh, kisha pumzika kwenye vituo vya wazi hadi umpate Torrent, farasi wako. Ukishampata, rudi kanisani usiku. Yule mchawi aliyekaa juu ya ukuta atakupa kengele ya kuita mizimu. Bila kengele hiyo unapigana peke yako vita ambavyo gemu imekuandalia wasaidizi. Kisha geuka kusini, Weeping Peninsula, ambako adui ni wepesi, na ukusanye mawe ya kunoa silaha. Fuawe ya kanisani inanoa hadi +3 tu. Zaidi ya hapo ni kwa mhunzi wa Roundtable Hold.

Pointi zako weka kwenye Vigor, yaani kiasi cha damu yako, kwanza. Kosa la wanaolalamika ni kuongeza nguvu ya pigo huku damu ni ndogo, halafu pigo moja la bosi linawamaliza. Fika Vigor 20 kabla ya Margit, na karibu 40 katikati ya gemu. Kama bado anakuzidi, kwenye pango la Murkwater yuko Patches: ukimpiga hadi akaomba msamaha na ukamwacha hai, anakuwa muuzaji, na kwa runi 5,000, pesa ya humo ndani ya gemu, atakuuzia pingu inayomlaza Margit chini kwa muda katika awamu yake ya kwanza.

Kasoro zake zipo. Mapango madogo yanarudia mabosi walewale, theluthi ya mwisho inapandisha ugumu kwa ghafla, na hadithi imefichwa kwenye maelezo ya vitu, yote kwa Kiingereza kizito. Ukicheza kwenye PS5, jaribu kuweka toleo la PS4: picha inapungua ukali kidogo, lakini mwendo unashika fremu 60 kwa sekunde kwa utulivu kuliko toleo la PS5 lenyewe. Nyongeza yake, Shadow of the Erdtree ya 2024, usiinunue sasa. Haifunguki mpaka uwaue mabosi Radahn na Mohg.

God of War Ragnarök ni chaguo la anayetaka hadithi. Inakushika mkono, wakati mwingine hadi inakera: ukisimama kwenye fumbo kwa sekunde chache tu, mwenzako anakutajia jibu. Kwenye PS4 inakuja na diski mbili, na inachezwa bila intaneti mwanzo hadi mwisho.

Mume wangu ananunua Gran Turismo 7 kwa ajili ya watoto. Nyumbani tunatumia bando la simu.
*Mama wa watoto wawili, Njombe*

Mwambie asubiri, mama. Hakuna gemu ya PlayStation inayoendesha gari vizuri kuliko hii: uzito wa gari unahamia mbele ukifunga breki, na pedi ya PS5 inakutetemeshea tairi zikianza kuteleza. Lakini sehemu kubwa yake, pamoja na safari nzima ya kukusanya magari, inadai intaneti wakati wote, kwa kuwa kumbukumbu yako inatunzwa kwenye seva. Machi 2022, wiki mbili hivi baada ya kutoka, seva zilizimwa kwa zaidi ya saa 30 na hata walioinunua kwa bei kamili hawakuweza kucheza sehemu hiyo. Bando likiisha, watoto wanabaki na vipande vichache.

Kwa watoto wawili, Crash Team Racing Nitro-Fueled ya PS4 inatosha kabisa: watu wanne kwenye skrini moja, bila intaneti.

Mimi na mdogo wangu tunataka gemu ya kucheza pamoja, tusipigane. Tuna PS5.
*Dada mkubwa, Gangilonga, Iringa*

It Takes Two ya 2021, kisha Split Fiction ya 2025. Zote mbili zimetengenezwa na Hazelight wa Sweden na hazichezeki na mtu mmoja. Skrini inagawanyika na kila mmoja ana kazi yake. Kwenye ya kwanza, mmoja ana misumari na mwingine kichwa cha nyundo: asiporusha msumari ukutani, mwenzake hana pa kuning'inia. Ubaya wake ni maneno. Kitabu kinachoongea kinahubiri mno, na kuna sehemu ya tembo wa kitambaa ambayo mtoto mdogo ataikumbuka vibaya. Kama mdogo wako ni wa darasa la tatu, tangulia kuitazama. Split Fiction ni ngumu zaidi kwa vidole lakini haikai kwenye wazo moja muda mrefu, na sehemu yake ya mwisho ndiyo ubunifu bora wa skrini mbili tuliouona.

Astro Bot, iliyochukua tuzo ya gemu ya mwaka 2024, ni tamu mno, ila ni ya mtu mmoja. Mtapokezana pedi kila mtu anapokufa, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Ni kweli kuna gemu inayoongea Kiswahili?
*Msomaji, Mafinga*

Kweli. Tales of Kenzera: ZAU, ya Aprili 2024, ina sauti za Kiswahili, na utamaduni wake umechotwa kwa Wabantu. Imeongozwa na Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, aliyeianzisha kutokana na msiba wa baba yake. Zau, mganga kijana, anaingia mapatano na Kalunga, mungu wa mauti: amletee mizimu mitatu mikuu, arudishiwe baba. Anapigana kwa vinyago viwili, cha jua kwa karibu na cha mwezi kwa mbali, na unavibadilisha katikati ya pigo.

Hukumu yetu: inunue ikishuka bei. Rangi, ngoma na maongezi ni vya daraja la juu. Mazungumzo ya Zau na Kalunga juu ya kufiwa hayana mfano kwenye gemu za aina hii. Upiganaji haukui, adui ni walewale, na sehemu za kukimbia zinakuua kwa kosa moja. Ni fupi pia, wikiendi mbili zinaimaliza. Inapatikana kwa PS5, Xbox Series, Switch na kompyuta. Kwa PS4 haipo.

Clair Obscur ni ya kupokezana zamu. Si itanichosha?
*Msomaji, Soweto, Mbeya*

Haitakuchosha, maana zamu ya adui ndiyo yenye kazi. Kila pigo lake unalikwepa au kulizuia kwa wakati wake, na ukizuia mapigo yote mfululizo unarudisha moja zito. Anza na kukwepa, kwa kuwa nafasi yake ya muda ni pana zaidi. Ukiona neno Perfect, ujue hapo hata kuzuia kungefaulu. Kwenye TV yenye ucheleweshaji utaona gemu inakuonea, basi rudi kwenye jibu la Mwanjelwa hapo juu. Tunailaumu kwa jambo moja: maeneo hayana ramani, na utazunguka.

Cyberpunk 2077 ya PS4, diski, bei chee. Ninunue?
*Msomaji, Tukuyu*

Kama una PS4, hapana. Ilikuwa mbovu kiasi kwamba Sony waliiondoa dukani Desemba 2020, na maboresho makubwa ya 2.0 ya mwaka 2023 hayakufika kwenye mashine hiyo. Kama una PS5 yenye sehemu ya diski, ichukue haraka: diski hiyo hiyo inakupa toleo la PS5 bila malipo. Litapakuliwa karibu gemu nzima, kwa hiyo ipeleke mashine mahali penye wifi ya uhakika, acha usiku kucha, na diski ibaki ndani kila unapocheza.

Black Ops 6 inachezwa bila intaneti?
*Askari, Iringa*

Hapana. Hata ile sehemu ya hadithi ya mtu mmoja inadai uwe umeunganishwa, na inakula zaidi ya GB 100 kabla hujafyatua risasi.

Nimeuziwa diski ya Concord ya PS5 Tunduma, mpya kabisa, haijafunguliwa. Haiingii.
*Msomaji, Tunduma*

Haitaingia. Ilitoka Agosti 23, 2024 na seva zikazimwa Septemba 6, mwaka huo huo. Ni ya mtandaoni tupu. Sony walirudisha pesa kwa wanunuzi wa wakati ule. Mrudie aliyekuuzia.