Muuguzi wa Dien Bien Phu na miaka sabini iliyofuata

SWALI: Mimi ni muuguzi na mume wangu ni mwanajeshi, hivyo kila baada ya miaka michache tunafunga mizigo na kuhamia kituo kingine. Nilipokuwa chuoni, mwalimu wetu alitusimulia habari za muuguzi Mfaransa aliyekwama vitani huko Vietnam, akiwa mwanamke peke yake kati ya maelfu ya askari. Je, habari hizo ni za kweli, na baada ya vita aliishije? (Msomaji, Tabora)

JIBU: Dada yetu, habari hizo ni za kweli, isipokuwa jambo moja ambalo nitalisahihisha. Muuguzi huyo ni Geneviève de Galard, aliyezaliwa Paris tarehe 13 Aprili 1925. Kazi yake katika jeshi la anga ilikuwa kuwahudumia majeruhi ndani ya ndege, na mwaka 1953 aliomba mwenyewe apelekwe Indochina, yaani Vietnam, Laos na Kambodia, ambako Ufaransa ilikuwa ikipigana na Viet Minh, wapiganaji waliodai uhuru wa Vietnam. Tarehe 28 Machi 1954, kabla ya kupambazuka, ndege yake aina ya Dakota ilitua katika ngome ya Wafaransa ya Dien Bien Phu, kaskazini-magharibi mwa Vietnam, iliyokuwa imezingirwa, ikaharibika katika kutua, na kulipokucha mizinga ya Viet Minh ikaiteketeza. Njia ya kurukia haikufaa tena. Akajitolea kufanya kazi katika hospitali ya chini ya ardhi ya Daktari Paul Grauwin, ambamo majeruhi walizidi kurundikana siku hadi siku huku matope yakiingia hadi walipolala.

Sasa lile la kusahihisha. Hakuwa mwanamke peke yake. Ndani ya ngome walikuwemo wanawake wa Algeria na Vietnam walioletwa katika madanguro ya jeshi, nao mapigano yalipopamba moto waligeuka wauguzi, wakawaosha, wakawalisha na kuwafariji watu waliokuwa wakikata roho. Majina yao karibu yote yamepotea, na hilo linaniuma, kwa kuwa kazi waliyoifanya ilikuwa ileile. Hata waliouguzwa hawakuwa Wafaransa pekee, maana jeshi hilo lilikuwa na Wamoroko, Waalgeria, askari wa Afrika Magharibi na Wavietnam wenyewe.

De Galard alivishwa Légion d'honneur, nishani ya juu ya Ufaransa, humohumo ngomeni tarehe 29 Aprili. Ngome ilipoanguka tarehe 7 Mei, aliendelea kuwauguza majeruhi akiwa mateka hadi alipoachiwa tarehe 24 Mei. Mwezi Julai alialikwa Marekani, umati ukajipanga barabarani New York kumshangilia, na Rais Eisenhower akamvisha nishani ya Uhuru. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 29.

Masimulizi mengi hukomea hapo, kana kwamba maisha yake yalikwisha pamoja na shangwe. Swali lako linagusa yaliyobaki, ambayo ni miaka sabini kasoro miezi michache tu. Mwaka 1956 aliolewa na Jean de Heaulme, ofisa wa askari wa miamvuli, na tangu hapo mwanamke ambaye picha yake ilikuwa imezunguka dunia nzima akawa mke wa mwanajeshi, akimfuata mumewe katika vituo alivyopangiwa, Madagaska kikiwa kimojawapo, huku akilea watoto watatu. Wewe unayefunga na kufungua masanduku kila mara unaijua kazi hiyo ilivyo, ingawa hakuna anayeitolea nishani. Baadaye familia ilirejea Paris, naye akaingia katika baraza la jiji, ambako alikuwa diwani kwa miaka 18, kuanzia 1983 hadi 2001.

Alifariki dunia Toulouse tarehe 30 Mei 2024, akiwa na umri wa miaka 99, wiki chache baada ya kumbukumbu ya miaka 70 tangu ngome ile ianguke.